Chafya ya Kong'ony

Wiki moja baada ya kumzika baba, mimi na binti yangu tulikuwa chumbani kwake tukipanga vitu vyake. Kulikuwa na koti la kwendea kanisani, redio isiyoshika stesheni yoyote, na Biblia iliyovimba kwa sababu ya karatasi alizokuwa akizisokomeza humo. Binti yangu aliifungua, picha ikaanguka. Akaiokota, akaitazama, akacheka.

"Mami, huyu ni wewe? Ulikuwa unaimba nini?"

Niliichukua, na kabla hata sijaitazama nikainusa, kwa sababu ndivyo anavyofanya mtoto wa mpiga picha. Miaka yote hiyo, na bado ilikuwa na ule ukali mdogo wa siki, harufu ya dawa za kuoshea picha. Harufu hiyo ilikaa kwenye vidole vya baba, kwenye shati lake, hata kwenye tonge la ugali alilonimegea. Nikakaa kitandani. Siku ya mazishi sikuwa nimelia vizuri, maana watu wa kulishwa walikuwa wengi na sufuria zilikuwa chache. Nililia pale.

Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ila nyeusi yenyewe ni haba. Karibu yote ni ukungu. Katikati amesimama mtoto wa kike, amevaa eproni ya plastiki ya wachuna chai inayomfika kwenye vifundo vya miguu. Ameinua kichwa, mdomo wazi kabisa. Picha imetikisika, na juu pembeni kuna kitu cheusi ambacho mtu asiyejua angedhani ni kidole kilichoziba lenzi. Ni bawa. Nilimwambia binti yangu kwamba sikuwa naimba. Nilikuwa naita mtu.

Sisi wa rika langu tunazikumbuka studio za enzi zile. Ya baba ilikuwa chumba kimoja kilichobanana na mashine ya posho, hivyo kila picha ilipigwa huku ukuta ukitetemeka na unga ukipenya chini ya mlango. Nyuma alikuwa amening'iniza pazia lililochorwa ndege ya kwenda Ulaya, na msumarini palikuwa na koti moja na tai moja, vya kuazima. Nusu ya wanaume wa lokesheni yetu wana kitambulisho chenye koti lile. Alipiga harusi, ubatizo, watoto waliomaliza darasa la nane, na mara moja ng'ombe wa maziwa ambaye mwenyewe alitaka asimame mbele ya ile ndege.

Mama alichuna chai katika shamba la kampuni, upande unaoteremka hadi kwenye bwawa. Lilikuwa bwawa la kuchimbwa, la kusukuma maji kwenda kiwandani na kwenye nyumba za wafanyakazi, lakini ndege hawakujali nani alilichimba. Bata walikuja, korongo wa miguu mirefu wakaja, na wale wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambao kwetu tunawaita kong'ony. Mama aliwapenda hao kupita wote. Akirudi jioni, kabla hata hajavua eproni, alikuwa akituonyesha jinsi walivyocheza siku ile. Aliinama, akafungua mikono, mwiko ukiwa mkono mmoja, akaruka mara mbili mbele ya moto. Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi tulimwita kogo, alikuwa akimwambia aketi asije akaiangusha sufuria.

Kong'ony hawakuwa ndege tu kwa mama. Kwetu kila ukoo una mnyama wake, na ukoo aliozaliwa mama ulikuwa wa kong'ony. Wapo wa simba, wapo wa nyuki, wapo hata wa chura. Huwezi kumpiga jiwe mnyama wa ukoo wako, na akiingia bomani humfukuzi. "Hao ni watu wa kwetu," mama aliniambia siku moja tulipowaona wakipita juu ya nyumba, na akawapungia mkono, bila aibu, kama mtu anayewaona shemeji zake barabarani. Mimi nilikuwa mdogo. Nililichukua neno hilo nikaliweka vile lilivyo.

Mara nyingi alimwomba baba aje bwawani na kamera awapige picha wakicheza. Baba alisema kesho. Kesho kulikuwa na harusi, na keshokutwa wanafunzi walitaka picha za fomu. Mama hakukasirika. Alisema tu kwamba ndege hawana haraka, watamngoja.

Yeye ndiye aliyeshindwa kungoja. Kifua kilimshika msimu wa baridi kali, ule wa katikati ya mwaka ambapo ukungu hauondoki hadi karibu na saa ya chakula. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akatuaga akiwa amejifunga leso ya buluu, na akarudi kwenye gari la maiti lenye kitambaa chekundu. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mpiga picha hana picha ya mke wake. Alikuwa amewapiga picha wake za watu wote. Ile iliyowekwa juu ya jeneza ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, na begani mwa mama ulibaki mkono wa mwanamke ambaye hakuwepo tena kwenye picha. Nilimtazama baba akiutazama ule mkono wakati wote mchungaji alipokuwa akihubiri.

Baada ya hapo baba aliacha kulitaja jina la mama. Alisema "marehemu," au alisema "mama ya Chepkorir," Chepkorir nikiwa mimi. Na akaanza kwenda bwawani. Asubuhi studio ilikuwa imefungwa, wateja wakibisha na kuondoka, na watu wa senta walianza kusema kwamba akili zimemruka. Kogo alimwombea. Mimi nilikataa kubaki nyumbani, nikalia hadi akanichukua, na kwa kuwa majani ya chai asubuhi hukulowanisha hadi kiunoni, alinivika eproni ya mama. Kamba zake nilizungushiwa mara mbili. Ilikuwa bado na harufu ya majani mabichi upande wa ndani.

Ukungu wa kwetu mwaujua mliokulia huko. Unatoka nyumbani huoni choo. Tulipita katikati ya chai kwa kuifuata njia kwa miguu, baba mbele, mimi nimeshika pindo la koti lake, na mara kwa mara kikohozi cha mchunaji tusiyemwona kilisikika pembeni. Askari wa bwawani alituacha tupite kwa sababu picha ya kitambulisho chake ilikuwa imempendeza sana. Tulilala kifudifudi nyuma ya matete. Mbele yetu palikuwa peupe tu, na ndani ya weupe huo maji yalipiga ukingo taratibu, pampu ikiguruma mbali, na mahali fulani kong'ony wakiitana kwa ile sauti yao ya tarumbeta iliyoziba.

Sheria ilikuwa moja: nisitoe sauti. Taabu yangu ilikuwa pua. Baridi ikiniingia tu, chafya inakuja. Baba aliijua kabla yangu. Alinyoosha mkono bila kugeuka, akanibana pua kwa vidole viwili vyenye siki, akanishikilia hivyo hadi chafya ikafa. Ulikuwa ndio mguso wake wote kwangu siku zile, na ninakiri kwamba kuna asubuhi nilijifanya.

Picha hazikuwa zikitoka. Lenzi yake ilikuwa ya kupigia bibi harusi, si ndege, na kong'ony walikaa mbali. Jioni niliketi naye katika chumba cha giza, chini ya balbu nyekundu, nikimtazama akizitikisa karatasi kwenye beseni. Ukungu ulitokea, halafu alama mbili tatu ndani ya ukungu. Alizisogeza karibu na macho, akazitazama moja moja kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Bado." Mimi sikuwa na shaka anatafuta nini. Mtu hatazami ndege kwa namna ile. Nilijua anatafuta uso.

Ndipo shangazi yangu, dada yake baba ambaye nilimwita senge, akajifungua. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hukusanyika kumwitia jina. Wanayaita majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine, na mtoto huwekewa ugoro kidogo karibu na pua. Jina ambalo atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Kanisa letu halikuyapenda mambo hayo, lakini kanisa halikuwa limealikwa. Sisi watoto tulifukuzwa, nami nikabaki nyuma ya mlango, sikio kwenye ufa.

Waliita bibi huyu, wakaita bibi yule, wengine sijawahi hata kuwasikia. Nilizuia pumzi nikingoja jina la mama. Halikuitwa. Mtoto alimpigia chafya bibi mmoja aliyekufa zamani, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kupenda mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, na wanawake wakapiga vigelegele na kucheka hadi machozi. Nikaingia ndani moja kwa moja na kumuuliza kogo kwa nini hawakumwita mama. Kicheko kilikatika. Kogo alinivuta kwenye paja lake.

"Bado, mtoto wangu," alisema. "Huyo ni wa juzi. Hata nyasi haijamea juu yake. Hatuwezi kuita yeye saa hii."

Leo ninajua alikuwa akinihurumia. Siku ile niliusikia upuuzi mtupu. Mama alikuwa ameondoka, waliokwenda hurudi, kurudi kwenyewe kunataka uitwe, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na nia ya kumwita. Nililala nikiwa nimekasirika. Kabla usingizi haujanichukua nilikuwa nimeshajua kila kitu. Watu wa mama walikuwa kong'ony, alisema mwenyewe. Basi asingerudi ndani ya mtoto wa senge, angerudi kwao. Na baba alikuwa ameshajua kitambo, ndiyo sababu alikwenda kule kila asubuhi. Ila alikuwa akikosea jambo moja. Alikuwa akimtafuta kwa macho, na huku alitakiwa aite.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kuliko zote. Tulilala mahali petu. Kwa muda hapakuwa na kitu, kisha nyasi zikatikisika upande wetu wa maji na kong'ony wawili wakatoka kwenye weupe wakitembea, karibu hivi kwamba niliuona wekundu ulio chini ya koo zao. Hawakuwa wamewahi kuja karibu namna ile. Baba aliacha kupumua. Mmoja wao akainama. Akafungua mabawa, akaruka, akatua, akaruka tena.

Niliujua mchezo ule. Ulikuwa ni ule ule wa jikoni, kuinama kule kule, hata kile kichwa kilichoinamishwa upande kidogo. Hakikukosekana chochote isipokuwa mwiko.

Baba alikuwa ameinua kamera. Mimi nikasimama. Kwa senge wanawake hawakunong'ona, jina liliitwa kwa sauti ili lisikike linakokwenda, nami nikaita hivyo hivyo.

"Chelangat!"

Yule ndege alisimama wima. Akakitikisa kichwa chake kwa nguvu, taji lote likatetemeka, matone yakaruka, na ikatoka sauti moja fupi, kavu, ya puani. Nimeshawauliza wajuao ndege. Wananiambia kwamba hutoa maji mdomoni namna hiyo. Sawa. Mimi nilikuwa pale, na ilikuwa chafya. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote, kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena mahali popote, na papo hapo ndege wakaruka, mabawa yakapiga hewa juu yetu, na baba akageuka kwa mshtuko, kidole kikiwa bado kwenye kamera. Nikausikia mlio wa kamera.

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye matope akinitazama, nami nikangoja kofi.

"Umeita nani?"

"Mama. Baba, amepiga chafya. Umeona?"

Nikamweleza yote kwa mkupuo: ya senge, ya kogo na nyasi zake, ya watu wa kwao mama, na kwamba nilijua hata yeye alikuwa akimtafuta. Nilizungumza haraka kwa kuogopa kukatizwa. Hakunikatiza. Alikuwa mzee wa kanisa, alijua maneno yanayotakiwa mtoto aambiwe, na niliona mdomo wake ukifunguka ili ayaseme. Ukafungwa. Uso wake ukavunjika. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akilia, na nilidhani kuna kitu kimemuuma ndani ya matete, nikatazama chini kumtafuta mdudu.

Alijifuta kwa kile kitambaa laini cha lenzi, ambacho hata mimi nilikatazwa kukigusa. Akasimama kando yangu, akautazama ule weupe walikopotelea.

"Ita tena," alisema.

Nikaita. Hakuna kilichojibu.

"Na wewe, Baba. Wewe anakujua zaidi."

Aliishusha kamera. Kisha akalitoa lile jina ambalo halikuwa limetoka kinywani mwake tangu mazishi, kwanza dogo, halafu kubwa, halafu kwa sauti iliyowafanya wachunaji kule juu waache kuzungumza. "Chelangat! Chelangat!" Ukungu hauna mwangwi, unameza tu. Ulipokwisha kuyameza yote, alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyefika mlangoni pa mwenzake:

"Nimekuja. Nimechelewa."

Sikuelewa. Nilifikiri anazungumzia asubuhi ile, nikamwambia hatukuchelewa, tulikuja mapema sana. Alisema ndiyo, ni kweli, akanibeba mgongoni hadi nyumbani, eproni ikining'inia nyuma yetu.

Hakurudi bwawani na kamera. Studio ilifunguliwa, koti likarudi mabegani mwa watu, mashine ya posho ikaendelea kutikisa picha zao. Jioni ile ile, alipokuwa akila, alimwambia kogo kwamba Chelangat hakupenda mboga iwe na chumvi nyingi, na kogo akaacha kutafuna. Tangu siku hiyo jina lilikaa nyumbani kwetu kama la mtu yeyote. Picha aliyoipiga alipogeuka sikuionyeshwa. Nilipouliza alisema ukungu umeiharibu, nami nikaamini kwamba aliitupa. Kumbe aliiosha, akaikausha, akaiweka ndani ya Biblia aliyoifungua kila siku. Ilikuwa picha pekee ya mama aliyowahi kuipiga, na mama hayumo.

Mambo mengine niliyajua taratibu, kama watoto wote. Hakuna siku moja niliyoamka na kukoma kuamini. Nilifika shule ya sekondari, nikasoma jinsi ndege wanavyozaliwa, na siku moja nikajikuta nikilia darasani bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mwalimu.

Kesho yake baada ya kuipata ile picha nilikwenda bwawani. Nilimwacha binti yangu amelala. Chai ya upande ule siku hizi inachunwa kwa mashine, sehemu ya matete imekaushwa, na askari, kijana nisiyemjua, aliniambia kwamba kong'ony hajawaona tangu aajiriwe. Ukungu lakini ulikuwa ni ule ule. Nilisimama mahali petu, mwanamke mzima mwenye mvi, na viatu vya mazishi vikilowana. Nikatazama nyuma kama askari ananisikia. Nikaita.

Nilianza na mama, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji. Kisha nikaita, "Kipng'eno," jina la baba ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kulitamka mbele yake. Najua ni mapema. Nyasi haijamea juu yake. Niliita hivyo hivyo, kwa sauti, na nikangoja.

Hapakuwa na ndege. Maji yalipiga ukingo, pampu iliguruma. Kisha baridi ikaniingia puani, nikaisikia chafya ikija, nami nikauinua uso, nikivingoja vidole vya baba.

Chafya ikaja. Hakuna aliyenibana pua.